Nani Atatusalisha Puchaihue

Puchaihue, 19 Mei 1966

Kaka yangu Filidor,

Nakusalimu mimi, anakusalimu Heriberto mume wangu, wanakusalimu na watoto, ambao mdogo wao anadhani Patagonia ni jina la ugonjwa kwa jinsi kila anayetajwa huku amekwenda huko na hajarudi. Mvua imeanza kazi yake na haionyeshi kuchoka. Viazi tumevuna, vyekundu vimetoka vizuri, vyeupe vimeoza nusu. Nguruwe tutachinja sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Shangazi Clodomira anasema kama umeoa huko kwenye upepo useme tu, hatakasirika, ila atataka kujua huyo mwanamke anajua kusokota sufu au hajui.

Baba yupo. Amepungua kidogo, na siku hizi hasemi sana.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Tangu Kwaresima Baba hajasalisha. Jumapili kengele inagongwa, watu wanapanda kilima na matope yao, wanakaa kwenye mabenchi na kutazamana. Padre unamjua, anafika na boti ya misheni Januari, anabatiza waliozaliwa, anaombea waliokufa, anakula mwanakondoo wetu, anakwenda. Mwaka mzima uliobaki ni wa katekista, na katekista hatuna. Mwezi uliopita tulimzika mama yake don Aladino Barría. Tulisimama kando ya kaburi tukinyeshewa, kila mmoja anangoja mwenzake, mpaka mimi nikashindwa kuvumilia nikaanza Salamu Maria. Nilikosea litania mara mbili, na don Aladino alinitazama kama nimeiba kuku wake.

Watu wanauliza, Filidor anarudi lini? Wewe ndiye ambaye Baba alikufundisha sala zote tangu ukiwa mdogo. Huu ni mwaka wa nne. Kwa nini uliondoka ninajua, kaka, usidhani sijui. Nilikuwepo tulipomzika wifi yangu Domitila na kichanga chake. Ulisalisha mwenyewe, novena nzima, jioni kwa jioni, sauti haikutetemeka. Novena ilipokwisha tukakukuta pwani na mzigo wako, ukingoja meli ya wakata manyoya ya kondoo. Sikukuuliza kitu siku ile. Leo ninauliza: unarudi lini?

Dada yako,
Edelmira


Kibanda cha Juu, 2 Agosti 1966

Mdogo wangu Edelmira,

Barua yako imenifikia wiki iliyopita. Gari la mahitaji lilikwama kwenye theluji, kwa hiyo unga, chumvi, majani ya ile chai yetu chungu ya mate, na wewe mmefika pamoja.

Mimi mzima. Naishi na mzee Anacleto Guenteo, mtu wa visiwa vya kwetu, ambaye amechunga kondoo huku tangu kabla hatujazaliwa. Anakoroma, anamsimulia farasi wake mambo ambayo hanisimulii mimi, na akipika nyama anaikausha mpaka mbwa wanasitasita. Tukila kondoo asubuhi, jioni tunakula yuleyule. Ninavyotamani milcao, ile mikate ya viazi iliyotoka kwenye mafuta ya nguruwe, hata sikwambii.

Kazi ya majira haya ni kutafuta kondoo waliofukiwa. Unatembea na mti mrefu, unachoma theluji, unasikiliza. Ukiona tundu dogo lenye rangi ya manjano, ni pumzi yao inayotoka chini. Unachimba hapo.

Kuhusu kurudi, msimamizi wa shamba hawezi kuniachia kabla ya ukataji wa manyoya. Kuhusu kanisa, mwambieni don Aladino asalishe. Sauti anayo.

Mbona Baba hakuandika hata mstari mmoja chini ya barua yako kama alivyozoea? Yeye anasemaje?

Kaka yako,
Filidor


Puchaihue, 11 Septemba 1966

Kaka,

Salamu. Wote wazima isipokuwa nitakayemtaja. Ng'ombe amezaa.

Segundo, mpwa wa don Aladino, amerudi kutoka huko kwenu. Nilimkuta dukani, nikamuuliza habari zako, akacheka akisema, "Filidor? Tukipiga magoti kwa rozari Jumapili kwenye nyumba kubwa ya shamba, yeye anakumbuka farasi wake hajanyweshwa." Watu walikuwa wamejaa dukani. Nilinunua chumvi ambayo sikuihitaji nikaondoka.

Basi kumbe si msimamizi. Ungeniambia tu.

Na mimi nina langu ambalo sikukwambia. Unauliza mbona Baba haandiki. Baba alianguka Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, akiwa ameshika ufunguo wa kanisa. Upande wa kulia umekufa, na ulimi umekwenda nao. Sikuandika kwa sababu nilitaka urudi kwa hiari, nisikuvute kwa kamba ya ugonjwa. Sasa nimeiandika, uivute au uikate.

Akili yake ni nzima, kaka, na hilo ndilo linaloniumiza. Nikikanda unga karibu na moto huwa nasema litania kwa sauti ili niishike, maana nani mwingine ataisema? Baba analala pale kwenye benchi na kijiko chake cha mbao. Nikiruka jina anagonga ukutani. Nikirudia na kukosea anagonga kama mtu anayedai chakula. Heriberto anasema katika maisha yake hajaona katekista mkali kama huyu asiye na maneno.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumapili moja wenzangu walipanda kanisani kusali rozari, nami nilibaki kwa sababu Baba alikuwa amejichafua. Nilikasirika. Nilikuwa namwosha, nasikia wimbo wao ukishuka kilimani, moyo wangu uko kule juu pamoja nao, mikono tu ndiyo iko hapa. Nilifika kwenye miguu. Unajua Baba alivyo na mtekenyo. Nilipomshika kisigino akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, machozi yanamtoka. Nami nikacheka. Kisha niliona kwamba Yule niliyekuwa namlilia kule juu kilimani, nilikuwa nimemshika mguu. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hivyo. Tangu siku hiyo nikibaki nyumbani sioni kama nimebaki nje.

Usiniandikie habari za theluji tu.

Edelmira


Kibanda cha Juu, 16 Oktoba 1966

Mdogo wangu,

Msalimie Baba. Mwambie nilisoma habari zake nje, nyuma ya kibanda, nikarudi ndani baada ya muda mrefu.

Segundo hajakudanganya. Unataka nisiandike theluji tu, basi sikia. Siku zile za Domitila nilisema maneno yote, hata moja sikulikosea. Watu walisema, ni mwana wa baba yake huyu. Nikarudi nyumbani nikakuta kitanda kimetandikwa, kitanda cha kichanga kimewekwa nguo, kimya. Nikasema moyoni, haya, nimemaliza yangu, sasa sema Wewe. Hakusema. Tangu hapo nikifungua mdomo kusali naona aibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo watu wake wamehama. Ndiyo maana nanywesha farasi. Sina ubaya na wanaopiga magoti. Ninawaonea wivu.

Sasa tuko kwenye uzazi wa kondoo. Juzi kondoo mmoja alizaa mtoto aliyekufa, akasimama juu yake anamlamba, hatoki. Tulikuwa na yatima mwingine ambaye mama yake alifia kwenye mtaro. Ukimpelekea kondoo mtoto asiye wake anampiga kichwa. Kwa hiyo tulifanya kama tunavyofanya kila mwaka: nilimchuna yule aliyekufa, nikamvika yatima ngozi yake, miguu minne ndani ya matundu manne, kama shati lililomzidi. Nikamweka mbele ya mama. Akamnusa mkiani, akamnusa mgongoni. Akatulia. Yatima akaingia chini yake akaanza kunyonya, mkia unatikisika.

Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Safari hii sikuweza kuondoka. Nilikaa kwenye majani mabichi mpaka suruali ikalowa. Nilikuwa nafikiria aliyekufa aliyempa mwenzake ngozi, na mama aliyekubali. Mdomo wangu ukasema asante. Sikuwa nimekusudia. Anacleto akauliza nimesema nini. Nikamwambia namsemesha kondoo. Akajibu, "Huyo kondoo ana bahati. Mimi nakupikia miaka minne, asante yako sijaijua ladha."

Usilifanye hili kuwa kubwa kuliko lilivyo, Edelmira. Ni neno moja tu.

Filidor


Puchaihue, 13 Novemba 1966

Kaka yangu mpenzi,

Leo sina salamu ndefu. Baba ametutoka.

Nikueleze ilivyokuwa, maana najua utataka kujua kila kitu. Siku ya Marehemu Wote watu walikwenda makaburini kama kawaida, na mishumaa na maua, lakini hakukuwa na wa kusoma majina. Nilimwambia Heriberto ambebe Baba. Alimfunga kwenye kiti, akampandisha kilima mgongoni, akipumzika kwenye kila uzio. Tulipomweka katikati ya makaburi watu walimfanyia nafasi, wanaume wakavua kofia.

Nikasimama kando yake nikaanza. Don Aladino akasema nyuma yangu, bila kushusha sauti, "Mwanamke atasalisha? Basi kesho kuku nao wapige kengele." Wengine walicheka. Mimi nilimtazama Baba, maana yeye ndiye niliyekuwa namwogopa. Alikuwa na kijiko mkononi. Nilisoma majina yote, wa zamani na wa mwaka huu, nikamtaja Domitila na mtoto, nikasema litania nzima. Sikumsikia akigonga hata mara moja. Nilifikiri amelala. Nilipogeuka, alikuwa ananitazama tu, na kijiko amekilaza juu ya mapaja.

Alikufa Jumatatu iliyofuata, asubuhi, nikiwa napuliza moto. Nilikuwa namweleza kuwa kuni ni mbichi, ni kosa la Heriberto. Nilipomletea chai yake ya mate hakufumbua macho.

Nimemzika mimi. Nimesalisha mimi, na novena inaendelea. Don Aladino alikuja akasimama mbali, karibu na mlango wa uzio, lakini alikuja.

Kila jioni nikimaliza "raha ya milele uwape ee Bwana", nasubiri ule mwitikio wa sauti nzito upande wa kushoto, alipokuwa akikaa Baba, na alipokuwa akikaa mwingine ambaye bado yu hai. Hautoki. Watu wengine wanaitikia, si kwamba hawaitikii. Lakini masikio yangu yanangoja upande ule.

Edelmira


Kibanda cha Juu, 20 Novemba 1966

Mdogo wangu Edelmira,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Upepo umezidi, kondoo wazima. Barua hii ni ya Baba. Tafadhali kaa karibu naye, upande wa sikio lake zuri, umsomee polepole.

Baba, shikamoo.

Mzee Anacleto amefariki. Farasi alimwangusha kwenye mawe ya mto, nikamrudisha kibandani nimemlaza juu ya tandiko. Mbavu zilikuwa zimeingia ndani. Kwenda nyumba kubwa kuleta watu ni mwendo wa siku, na nikimwacha angekufa peke yake, kwa hiyo nilibaki. Nilimfunika blanketi zote mbili. Nilichemsha maji nikamnywesha chai ya mate kwa kijiko, kidogo kidogo, akalalamika kwamba ni chungu na kwamba siku zote nilikuwa naharibu majani.

Mchana akaniambia, "Nisalie, kama wanavyosali kwetu." Nikamwambia mzee, mimi nimesahau. Alitafuta pumzi, halafu akasema, "Sema kilichobaki."

Baba, nilipiga magoti kwenye sakafu ile ya udongo, yenye mifupa ya mbwa. Nilianza na ishara ya msalaba kwa kuwa hiyo ilibaki. Baba Yetu ikaja. Kisha litania ikaanza kutoka, jina baada ya jina, kama ulivyotufundisha, na yeye akawa anaitikia mpaka alipoacha kuitikia. Niliendelea hadi mwisho ili asiondoke katikati ya sala.

Sikusikia jibu lolote la ajabu. Ulikuwa upepo tu, na birika linachemka. Lakini nikwambie kitu kimoja. Nilipomshika mkono, nikiwa namsalia, sikuona aibu. Niliona kama tuko watatu mle ndani, na huyo wa tatu alikuwa amekaa na mzee muda mrefu kabla yangu, pengine tangu asubuhi nikichemsha maji, pengine miaka yote minne. Mimi ndiye niliyekuwa nikitoka nje.

Nilitaka ulijue hili kutoka kwangu. Sijui kama linatosha kuitwa imani. Wewe ndiye mwalimu. Kama nimekosea mahali, gonga.

Mwanao,
Filidor


Puchaihue, 29 Januari 1967

Kaka yangu,

Salamu. Sote wazima, nyasi zimekauka vizuri, cherehani ya shangazi Clodomira imevunjika na kelele zimehamia mdomoni kwake.

Barua yako ya kwa Baba ilifika wiki ya Krismasi. Nilitazama tarehe nikajua kwamba ulipokuwa unaandika, yangu ilikuwa bado majini. Nilikaa nayo mfukoni nikipika, nikikamua, sikujua nimsomee nani. Mwisho nilipanda makaburini, mvua ikinyesha kidogo, nikaketi kwenye nyasi upande ulioniagiza nikaisoma polepole. Nilipofika mahali ulipoandika "gonga" nilishindwa kuendelea. Baadaye niliendelea nikaimaliza.

Hakugonga, Filidor.

Padre amekuja na kwenda. Safari hii ni kijana, mrefu, anagonga kichwa kila mlango. Baada ya misa alituketisha akauliza kwa miezi hii yote nani amewazika watu na kuwabatiza watoto waliokuwa hatarini kufa. Watu wakatazama viatu vyao. Mimi pia nilitazama vyangu. Nilijua nikijitaja mwenyewe nitasemwa mpaka nizeeke. Padre akauliza tena. Ndipo don Aladino akasimama, kofia mkononi, uso mwekundu. Akasema, "Mama yangu alizikwa na huyu. Alikosea litania mara mbili. Lakini ndiye aliyefungua mdomo, sisi wanaume tulikuwa tunaogopa kulowa."

Padre akaniita mbele akanipa ule msalaba ambao Baba alikuwa akiubeba mazishini. Nimekuwa katekista wa Puchaihue. Mikono yangu ilikuwa inanuka samaki wa kukaushwa, sikuwa nimejiandaa.

Kwa hiyo nataka tuelewane. Mwaka jana nilikuandikia urudi utusalishe. Neno hilo naliondoa. Kazi ina mtu. Nikiamka nawasha moto, na kuwasha moto ni kazi hiyohiyo. Nikimpelekea mgonjwa supu ya kome ni hiyohiyo. Hata kumvumilia shangazi. Sikuiti tena kwa ajili ya kanisa. Nina hamu tu ya kukuona ukiingia mlangoni na matope yako. Nina hamu ya kugombana nawe juu ya chumvi. Nikisikia injini ya boti nasimama na ndoo mkononi, na Heriberto ananichukulia ndoo.

Edelmira


Punta Arenas, 5 Machi 1967

Mdogo wangu,

Barua zako mbili, ya Novemba na ya Januari, nilizipata siku moja, kwenye gunia moja, tulipokuwa karibu kumaliza kukata manyoya. Nilifungua kwanza ile nene. Kwa hiyo nilijua Baba amezikwa kabla sijajua kwamba amekufa. Nilirudi mashineni nikawakata manyoya kondoo waliobaki, sikumjeruhi hata mmoja, sijui vipi.

Jumapili ile vijana walipopiga magoti kwa rozari kwenye nyumba kubwa, nami nilipiga. Aliyekuwa akiongoza akanitazama, wakageuka wote. Nikawaambia baba yangu amefariki kisiwani. Wakahama kidogo wakanipa nafasi kwenye mkeka. Hakuna aliyeuliza kuhusu farasi.

Ulipoandika kwamba hakugonga, nililia, lakini ni kilio ambacho nisingetaka kukikosa.

Nimemuaga msimamizi na niko mjini nasubiri meli ya Aprili. Waambie watu wasinipange kwenye sala yoyote wala wasinitengenezee kiti cha mbele. Jumapili nitakaa upande wa kushoto, pale unapopajua. Wewe anza. Mimi nitaitikia.

Kaka yako,
Filidor